Mary Muthoni Nyanjiru na Nafasi ya Mwanamke katika Vita vya Uhuru

Katika vitabu vingi vya historia vinavyosomwa shuleni mwetu, mchango wa mwanamke katika vita vya kupigania uhuru wa Kenya huelezwa kwa kitenzi kimoja tu, nacho ni kusaidia. Wanaume walipigana, wanawake wakawasaidia. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa lolote. Hata hivyo, sisi tunaojishughulisha na Kiswahili tunajua kwamba kitenzi hubeba mtazamo wa msemaji. Anayesaidia ameingia katika shughuli ya mwingine; mwenye shughuli ni yule anayesaidiwa, na shughuli ikiisha msaidizi huaga akaenda zake. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye kitenzi hicho hakimtoshi hata kidogo, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 16 Machi 1922, miaka 30 kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari. Kisha yatawafuata wanawake waliokuja baada yake mpaka huku kwetu Nakuru, kwa sababu vita vya miaka ya hamsini vilikuwa na mizizi mirefu, na mzizi mmoja ulimea siku ile.

Nyanjiru alikuwa mwenyeji wa Weithaga katika Murang'a, wilaya ambayo Waingereza waliibandika jina la Fort Hall. Weithaga ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya wamishenari wa Kianglikana katika nchi ya Wagikuyu, na jina la Mary laashiria kwamba injili ilikuwa imemfikia. Muthoni ni neno la Kigikuyu lenye maana ya mkwe. Nyanjiru nalo lina uhusiano na Wanjiru, mmoja wa mabinti wa Mumbi ambao kwao Wagikuyu huzihesabu koo zao. Inafaa kukumbuka, japo kwa kupita, kwamba jamii hii ambayo baadaye ilimsahau mwanamke katika maandishi yake huzitaja koo zake kwa majina ya wanawake.

Sehemu kubwa ya maisha yake haikuandikwa na mtu. Hali hiyo haikumpata yeye pekee. Mwandishi wa kikoloni aliandika habari za machifu, makarani na wafungwa. Mwanamke wa kawaida aliingia katika daftari alipodaiwa kodi ya nyumba kwa jina la mumewe au alipofikishwa mahakamani. Lililosalia ni kwamba alitoka Murang'a akaja kuishi Nairobi, na kwamba aliishi huko pamoja na binti yake wa kambo, Elizabeth Waruiru. Habari hiyo ni fupi, lakini ina uzito. Nairobi ya wakati huo haikuwa na umri mkubwa. Reli ilifika hapo mwaka wa 1899, na mji uliojengwa kuizunguka ulikusudiwa uwe makao ya Wazungu, Wahindi wafanyabiashara na vibarua wanaume wa Kiafrika. Mwanamke Mwafrika hakuwa na nafasi rasmi katika mpango huo. Waliokuja walijitafutia riziki katika vijiji kama Pangani kwa kuuza vyakula, kupika pombe, kupangisha vyumba na kwa njia nyinginezo. Kwa kuwa hawakuwa chini ya chifu wala baba, walitazamwa kwa jicho baya na serikali na pia na wazee wa kwao. Mwanamke aliyejijengea maisha katika mji wa namna hiyo alikuwa amekwisha kufanya uamuzi mzito kabla siasa haijamgusa.

Siasa ilikuwa njiani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, walowezi waliongezeka na mahitaji yao ya vibarua yakaongezeka pia. Mwaka wa 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaelekeza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Chifu alipoambiwa ahimize, alilazimisha. Mwaka wa 1920 nchi iligeuzwa koloni rasmi, na mfumo wa kipande ukaanza kutekelezwa, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi akitakiwa kuchukua cheti chake popote aendapo. Kodi ilipandishwa. Bei za mazao zilipoanguka, walowezi wakakata mishahara kwa theluthi moja. Haya yote yamo vitabuni na wanafunzi huyakariri.

Jambo ambalo halikaririwi sana ni kwamba walioburutwa kwenda mashambani hawakuwa wanaume peke yao. Machifu na wasaidizi wao waliwakamata wanawake na wasichana wakawapeleka kuchuma kahawa. Huko walitendewa mabaya, na wako waliorudi makwao na mimba. Malalamiko hayo yalizungumzwa sana Kiambu na Murang'a mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Mwanamume alichukia kipande na kodi. Mwanamke alichukia hayo pamoja na hili la kuchukuliwa kwa nguvu, ambalo liliugusa mwili wake. Hivyo basi, wanawake walipojitokeza kwa wingi mwaka wa 1922 hawakuwa wamewasindikiza waume zao. Walikuwa na kesi yao wenyewe.

Aliyeitangaza kesi hiyo ni Harry Thuku. Alizaliwa Kambui mwaka wa 1895, akasoma kwa wamishenari, na alikuwa mpokeaji simu katika idara ya hazina ya serikali. Mwaka wa 1921 alianzisha chama cha vijana Wagikuyu ambacho muda si muda kiligeuka kuwa Chama cha Afrika Mashariki, kilichokusudiwa kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Thuku alipinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara. Zaidi ya hayo, alisimama hadharani akawashutumu machifu kwa majina kwa kuwalazimisha wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Kwa ajili hiyo wanawake walimpenda, wakamwita mkuu wao. Serikali iliona hatari hapo, ikamkamata tarehe 14 Machi 1922 na kumfungia katika kituo cha polisi kilichokuwa Kingsway, mahali ambapo leo panajulikana kama Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi.

Siku iliyofuata mgomo ulitangazwa. Wapishi, matopasi, makarani na wachukuzi waliacha kazi, na umati ukakusanyika nje ya kituo. Kufikia asubuhi ya tarehe 16 watu walikuwa takriban 7,000 au 8,000, na miongoni mwao wanawake kiasi cha mia na zaidi. Mbele yao walisimama askari wa Kiafrika wenye bunduki na visu vya kufumia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli ya Norfolk, ambako walowezi walikaa barazani wakitazama.

Wajumbe waliteuliwa kwenda kuzungumza na Katibu wa Koloni, Charles Bowring. Waliporejea hawakuwa na Thuku. Walikuwa na ahadi tu, kwamba kesi yake itachunguzwa, na ombi kwamba watu watawanyike. Wanaume wengi walianza kuondoka. Hapa ndipo wanawake walipokataa. Walishuku kwamba wajumbe wamelainishwa, wakaanza kuwazomea kwa kuwauza wenzao. Nyanjiru akajitokeza mbele, akaiinua nguo yake juu hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue nguo hiyo nao wampe suruali zao, kwa maana wao ni waoga. Kiongozi wao alikuwa mle ndani, na yeye hakuona walichokuwa wakikingoja. Wanawake wakapiga vigelegele, na umati mzima ukasonga kuelekea lango la kituo hadi visu vya askari vikawa mbele ya nyuso za watu.

Kitendo hicho kinahitaji kuelezwa vizuri, maana wengi wameeleza nusu yake. Mara nyingi tunasoma kwamba mwanamke mmoja alipandwa na hasira akavua nguo. Maelezo ya aina hiyo humfanya aonekane kama aliyerukwa na akili kwa dakika moja. Katika utamaduni wa Wagikuyu kitendo hicho kina jina lake, guturama, na kilikuwa na maana inayojulikana na kila mtu aliyekuwapo pale. Mwanamke mzima, aliye katika umri wa kuwa mama, akimwonyesha mtu uchi wake kwa makusudi, humtia fedheha na laana kubwa kuliko tusi lolote la mdomo. Kitendo hicho hakikufanywa ovyo. Kilikuwa silaha ya mwisho, na aliyeitumia alijua kwamba hakuna mwanamume angeweza kuijibu. Kwa hiyo Nyanjiru alitumia desturi kongwe kuendesha siasa mpya mbele ya kituo cha polisi, na akafaulu kuugeuza umati uliokwisha kuanza kwenda nyumbani. Ikiwa huko si kuongoza, basi itabidi tulitafutie neno kuongoza maana nyingine.

Wala Wagikuyu si peke yao. Kusini-mashariki mwa Nigeria, mwaka wa 1929, maelfu ya wanawake waliandamana kupinga kodi na machifu waliowekwa na Waingereza, na uchi ulikuwa mojawapo ya silaha zao. Zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi. Hapa Nairobi, tarehe 3 Machi 1992, polisi walipowavamia akina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, baadhi ya akina mama hao walivua nguo mbele ya askari. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Mahali hapo si mbali na pale alipoanguka Nyanjiru, na kati ya matukio hayo mawili ilikuwa imepita miaka 70.

Risasi zililia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Inasimuliwa pia kwamba walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walifyatua bunduki zao wakiwalenga waliokuwa wakikimbia. Serikali ilisema waliokufa ni 21, wanne kati yao wakiwa wanawake. Waafrika waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi, na wako waliosema kwamba maiti zilipita 100. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba polisi walikuwa na haki ya kufyatua risasi. Hakukukosekana waliowapuuza wanawake wa siku ile kwa kuwaita malaya wa Pangani, kana kwamba mtu akiitwa hivyo madai yake hufutika.

Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu, baadaye Marsabit, na hakurudi nyumbani hadi mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Aliporudi siasa yake ilikuwa imebadilika. Alijitenga na wenzake wa zamani, akaunda chama chenye msimamo wa wastani, na vita vya Mau Mau vilipozuka akasimama hadharani kuwashutumu wapiganaji. Aliandika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka wa 1970, mwaka uo huo aliofariki. Barabara inayopita mbele ya Norfolk, kandokando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, imepewa jina lake. Hatusemi kwamba hakustahili. Thuku aliyatetea maslahi ya wanawake wakati ambapo viongozi wachache walifanya hivyo. Lakini mwanafunzi anayeipita barabara hiyo kila siku akienda kwenye mihadhara anakanyaga mahali ambapo mtu mwingine alikufa, na kibao hakimwambii hivyo.

Kumbukumbu ya Nyanjiru ilihifadhiwa kwa njia nyingine. Wanawake walitunga wimbo uitwao Kanyegenyuri, ambao ulienea haraka katika nchi ya Wagikuyu hata serikali ikaupiga marufuku. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi hili ni jambo la kuzingatiwa. Serikali haipigi marufuku wimbo wa kilio. Hupiga marufuku wimbo unaofanya kazi. Wengi waliojua kilichotokea mwaka wa 1922 bila kusoma kitabu chochote walikijua kwa sababu ya akina mama waliouimba.

Hawakuimba tu. Mwaka wa 1930 wanawake waliochoka kuachwa nje ya maamuzi ya Chama Kikuu cha Wagikuyu walianzisha chama chao wenyewe wakakiita kwa jina la Mumbi, wakakiendesha kwa miaka mitatu hivi kabla ya kurudiana na wanaume kwa masharti bora. Katika miaka ya 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a, nyumbani kwa Nyanjiru, waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa kazi ya kulazimishwa. Walikamatwa, na wenzao wakaendelea kukataa. Kazi ya shuruti ndiyo iliyowatoa wanawake nje mwaka wa 1922, na ndiyo iliyowatoa tena.

Sasa tuje huku Bonde la Ufa. Msomaji anayeishi Kiamunyi, Njoro, Bahati au Subukia huenda akadhani kwamba habari ya Nyanjiru ni ya Nairobi na Murang'a. Lakini wale walowezi waliohitaji vibarua wa kulazimishwa, wengi wao walikuwa na mashamba yao katika nchi hii inayoizunguka Nakuru, na familia za Wagikuyu zilizokosa ardhi zilihamia humu kama maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo waruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kufuga mifugo michache. Siku hizo ziliongezwa baadaye, na mifugo ikapunguzwa. Wanawake na watoto walihesabiwa kama nguvu ya ziada ya msimu wa mavuno, kwa malipo duni zaidi. Pareto ilipostawi katika nyanda za juu za Molo na Njoro, mikono iliyoyachuma maua yake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake.

Kusini-magharibi mwa wilaya ya Nakuru ndiko iliko Olenguruone, makazi yaliyofunguliwa na serikali mwaka wa 1941 kwa ajili ya maskwota waliofukuzwa mashambani. Walipoambiwa walime kwa kanuni ambazo zingewafanya wapangaji tu, walikataa, wakafunga umoja wao kwa kiapo. Kiapo hicho kilikuwa na jambo jipya. Desturi ilikuwa kwamba viapo vizito ni vya wanaume. Olenguruone waliapishwa wanaume, wanawake na hata watoto. Sababu yake ni rahisi kuiona. Askari akija kuvunja nyumba, humkuta mama na watoto. Umoja usiowahusisha hao ungevunjika siku ya kwanza. Wakazi wa Olenguruone walifukuzwa kati ya 1948 na 1950, wengi wakapelekwa Yatta, lakini wazo la kiapo cha watu wote lilikwisha kusambaa katika mashamba ya Nakuru, na likawa msingi wa Mau Mau.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walowezi waliwafukuza maskwota kwa maelfu. Waliobaki, na waliokuwa mijini, ndio waliowalisha wapiganaji wa msituni. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, ambaye kitabu chake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau kilichapishwa mwaka wa 1987, amemwandika Wanjiru Nyamarutu, mwanamke wa sehemu hizi za Nakuru aliyesimamia upatikanaji wa chakula cha wapiganaji. Wachache humtaja. Ukiuliza ni mwanamke gani aliyepigana katika Mau Mau, utatajiwa Muthoni wa Kirima, aliyefikia cheo cha Fildi Mashali msituni na kufariki mwaka wa 2023. Anastahili heshima hiyo yote. Ila inadhihirika kwamba tumemkubali kuwa mpiganaji kwa sababu alibeba bunduki kama mwanamume. Aliyebeba mahindi tumemwachia kile kitenzi chetu cha kusaidia.

Serikali ya kikoloni haikukitumia kitenzi hicho. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kumpelekea mpiganaji chakula, dawa au risasi, au hata kuonekana naye, lilikuwa kosa kubwa. Kati ya 1952 na 1958 wanawake zaidi ya 34,000 walihukumiwa vifungo kwa kuvunja kanuni hizo. Kamiti ilipata kambi ya wanawake. Kuanzia mwaka wa 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, na wengi wa wakazi wake walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa kuwa wanaume walikuwa vizuizini au msituni. Ndani ya vijiji hivyo wanawake walichimba mahandaki kwa shuruti, wakahesabiwa asubuhi na jioni, wakaona njaa. Lengo la vijiji lilikuwa kuwatenganisha wapiganaji na wanawake. Makamanda wa Kiingereza walikuwa wameelewa kwamba msitu bila vyungu vya akina mama haudumu, wakaamua kuvishambulia vyungu.

Adui, kwa hiyo, aliwahesabu wanawake hawa kuwa sehemu ya jeshi, akawaadhibu hivyo. Ni sisi, baada ya uhuru, tuliowaondoa katika orodha. Waliorudi kutoka Kamiti na vijijini wengi walikuta ardhi imeandikishwa kwa majina ya wanaume, na wengine imeandikishwa kwa majina ya wale waliokuwa upande wa serikali. Katika Bonde la Ufa baadhi yao walijiunga na kampuni na vyama vya kununua mashamba ya walowezi, wakalipa hisa kidogo kidogo kwa fedha za mboga na maziwa.

Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali mbele ya bunge lake kwamba Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, ikaeleza majuto yake na kukubali kuwalipa walalamishi 5,228. Miongoni mwa wachache ambao kesi zao zilipelekwa mahakamani London kwa niaba ya wengine alikuwamo mwanamke wa Kenya ya Kati. Alikuwa bado msichana alipokamatwa na kuteswa, na kosa lake lilikuwa kuwapelekea Mau Mau chakula.